Medali ya Kuazima

Katika daftari la klabu yetu ya mbio, ukurasa wa matokeo ya Moshi ya Februari 2025, kuna mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa upya pembeni. Aliyeukata ni mimi. Aliyeuandika mara ya kwanza ni mimi pia, maana ndiye katibu. Nimeombwa niandike habari za klabu na mafanikio ya wanachama wake, na kwa kweli mafanikio yapo. Lakini siwezi kuyaandika bila kupitia kwenye huo mstari, kwa hiyo vumilia.

Klabu yenyewe ni kama klabu zote za mchakamchaka hapa Dar es Salaam. Tunakutana Jumamosi saa 11 alfajiri karibu na soko la Tandika, watu 15 au 20, fulana za rangi moja, mmoja na filimbi. Tunapita Chang'ombe tukiimba, tunazunguka viwanja vya mpira, na siku tukiwa na nguvu tunatoka hadi Kurasini na kuvuka daraja la Kigamboni kwenda na kurudi. Wapo wanaokuja kwa ajili ya kitambi, wapo wanaokuja kwa ajili ya kuimba, na nina hakika wapo vijana wawili watatu wanaokuja kwa ajili ya wasichana. Sikatai mtu. Mwenyekiti wetu ni fundi seremala, mweka hazina ni mama mmoja mstaafu ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi 200, na kijana wetu mwenye kasi kuliko wote ni dereva wa bodaboda. Anasema anapenda kukimbia kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo hana abiria anayemwambia aongeze mwendo.

Baada ya mbio tunakunywa chai kwa Mama Chapati. Jina lake halisi nalijua vizuri, ila kaniambia nisiliandike, na sababu yake utaiona. Ana banda la mabati, benchi mbili, kikaango kipana na binti wa miaka 9 anayefahamu hesabu za chenji kuliko mimi. Huamka saa 9 usiku kukanda unga. Miaka miwili nyuma alikuwa anatuuzia chai tu, na kutucheka. Siku moja akamwachia mdogo wake kikaango, akafunga kanga kiunoni, akatufuata hadi Chang'ombe. Juma la pili akaja na raba za mtumba za kiume, namba kubwa, mbele kajazia soksi. Juma la sita hakuna mwanamke katika klabu aliyemshika, na wanaume waliomshika walikuwa wanne. Mimi sikuwa mmojawao.

Sasa Moshi. Kwa asiyejua, zile mbio za Februari ni sikukuu. Watu wanatoka nchi nzima na nje. Mwaka ule tulikodi Coaster, tukachanga mafuta, tukajisajili watu 11. Mama Chapati alilipa nauli kidogo kidogo, elfu mbili leo, elfu tatu kesho, akamaliza. Ada ya kujisajili ikamshinda. Mwezi ule gesi ilimwishia mara mbili na mtoto alitakiwa sare ya shule. Akasema atakuja kushangilia na kutupikia. Mimi katibu, mwenye orodha na mwenye sanduku la michango, sikufikiria hata mara moja kuwaomba wenzangu wamchangie. Sikukataa, sikufikiria tu. Mpaka leo sijui lipi ni baya zaidi.

Ijumaa tulipofika Mombo, kwenye kusimama kula, nikaruka kutoka garini kabla halijatulia, kwa mbwembwe, si unajua mwanamichezo. Mguu ukaingia kwenye mtaro. Kifundo kikategukia pale pale, na tulipopita Same kilikuwa kimevimba kama embe. Jumamosi nilichukua namba yangu ya kifuani nikichechemea. Usiku, kwenye nyumba ya wageni, nikamwambia dada yule: "Chukua wewe. Ada imeshalipwa, kwa nini ipotee?"

Akaigeuza namba akaisoma nyuma. Pale nyuma huwa unajaza jina lako, magonjwa uliyonayo na simu ya mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Mimi nilikuwa nimeshajaza: jina langu, simu ya baba yangu.

"Nikianguka je?" akauliza.

"Huanguki wewe."

Hebu fikiri. Wakati najisajili nilitia tiki kwenye mstari unaosema namba hii haihamishwi kwa mtu mwingine, na nilidhani ni ubahili wa waandaaji, wanataka kila mtu alipe. Kumbe ni hilo. Angeanguka kule juu, wangempigia mzee wangu Tandika wamwambie mwanawe wa kiume kazimia, huku binti yake amekaa na kikaango hajui lolote. Leo naliona. Usiku ule nilijiona mkarimu.

Asubuhi nilikaa pembeni ya barabara, mguu juu ya ndoo. Nusu marathoni ya Moshi, kilomita 21 na ushei, si ya mchezo, maana sehemu kubwa ya kwenda ni kupanda. Barabara inaelekea Mweka, kwenye migomba na kahawa, na mlima wenyewe uko mbele yako kama mtu anayekutazama ukihangaika. Wa kilomita 42 ndio wanaonewa zaidi: wanaanza na tambarare ya barabara kuu, halafu wakishachoka ndipo wanageuziwa ule mpando. Mwenyekiti wetu alikuwa huko. Alimaliza kwa saa 4 na dakika 51, akatapika, akaomba soda, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba kiti cha ndani ya Coaster kinahitaji kugongwa msumari. Dereva wa bodaboda alikimbia 21 kwa saa 1 na dakika 39. Wanafunzi wetu wawili wa chuo wakaingia pamoja kwa saa 2 na dakika 20 wameshikana mikono. Mweka hazina, miaka 61, akamaliza kilomita 5 akiwa na pochi yake kwapani. Wote 10 walimaliza. Klabu ya Tandika, bwana, isiyo na kocha wala mdhamini!

Na namba yangu ikamaliza kwa saa 1, dakika 46 na sekunde 12.

Nilimwona akirudi mteremkoni. Hakuwa anakimbia kwa ukali, alikuwa anakimbia kama mtu anayewahi kabla chai haijachemka ikamwagika. Akanipita bila kuniona. Jina langu lilikuwa kifuani mwake.

Jioni matokeo yakatoka kwenye mtandao na simu yangu ikaanza kulia. Ofisini wanaona, washikaji wa sekondari wanaona. "Kumbe wewe mtu hatari!" Ndani ya gari wenzangu walikuwa wanakufa kwa kicheko: katibu kakimbia kwa miguu ya Mama Chapati. Naye alicheka, medali shingoni. Kwa hiyo nilipofika nyumbani na kunakili matokeo rasmi katika daftari, kama kanuni yetu inavyosema, nikaandika jina langu na muda ule, na hakuna aliyepinga. Ulikuwa utani wa wote.

Utani ukaisha nilipoingia ndani kwa baba.

Nikueleze habari za baba. Alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Mwaka 1974 alikuwa mtoto wa miaka 12, na anakumbuka alikuwa amekaa wapi redio iliposema kwamba Filbert Bayi kavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch. Dakika 3, sekunde 32 na nukta 2, akiongoza tangu mlio wa bastola hadi mwisho. Baba husimulia hivyo kila mwaka, na kila mwaka anasimama kuonyesha mikono ya Bayi ilivyokuwa. Anamjua Akhwari wa Mexico 1968, aliyeumia goti na bado akaingia uwanjani giza likishaingia. Anamjua Juma Ikangaa, wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mshindi wa New York 1989. Katika nyumba yetu wakimbiaji ni kama masharifu. Mimi nilikuwa mtoto wa kusoma magazeti kitandani. Sijawahi kumsikia akinisifia mwili wangu kwa lolote, ila nilipokuwa mdogo alisema ninajua kula.

Dada yangu alikuwa ameshamwonyesha simu. Nilipoingia, mzee akasimama. Yaani akasimama, kama unavyomsimamia mgeni. "Saa moja na arobaini na sita," akasema. "Kwenye mlima ule."

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, "Si mimi, baba, niliteguka," na bandeji ilikuwa mguuni! Akaiona hata bandeji yenyewe, akasema, "Na umekimbia na mguu huo," nikaona machozi yanamlenga. Nikanyamaza. Katika ukumbi wa mtu wa Akhwari, mguu wenye bandeji ni kitu kingine kabisa.

Akauliza medali iko wapi. Nikasema ipo klabuni, inapigwa picha.

Siku tatu nilizunguka na swali hilo. Siku ya nne, jioni, nikaenda kwa Mama Chapati nikaiazima. Nimeshawahi kuazima pesa, baiskeli, hata shati la kuendea usaili. Sijawahi kuona aibu kama ile. Hakuniuliza ya nini. Alikuwa anasukuma chapati, akafuta mikono, akaingia ndani, akarudi nayo ndani ya mfuko wa unga uliokunjwa vizuri. Binti yake akasema, "Mama, mbona anaichukua?" Mama yake akamwambia, "Anairudisha kesho."

Ilikuwa Machi. Niliirudisha Septemba.

Baba aliitundika ukutani karibu na picha ya marehemu mama. Kisha akaitoa ukutani akaipeleka kwenye kijiwe cha bao, wazee wakaishika mmoja mmoja. Ungekuwa mimi ungeiondoa vipi? Mama Chapati alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza nilijua ni kwa ajili ya shule: mtoto alitaka kuipeleka darasani. Sikupokea. Mara ya pili sikupokea pia. Jumamosi nikawa naanza kukimbia mwisho na kuondoka mapema, nakunywa chai kwa mtu mwingine, chai mbaya.

Usiku, nikiwa sina usingizi, nilifungua yale matokeo. Ukiyachagua kwa jinsia unapata orodha ya wanawake peke yao. Nikaanza kuhesabu kutoka juu, jina kwa jina, nione saa 1 na dakika 46 ingemweka wapi. Nilifika mahali nikaona nimeshaupita muda wake na kidole changu bado kiko kwenye ukurasa wa kwanza. Nikazima simu. Kwa upande wa wanaume, mimi, yaani yeye, nilikuwa mtu wa katikati tu, wa kawaida, asiye na habari. Alikimbia mbio za maana sana na mimi nikazigeuza kuwa mbio za kawaida za mwanaume asiyekuwepo. Hilo halikuwahi kunijia tulipokuwa tunacheka ndani ya Coaster.

Kuna kitu kingine nilikipata huko mtandaoni. Wapigapicha wa mbio wanaziweka picha na unazitafuta kwa namba. Niliandika namba yangu. Akatokea yeye, katikati ya migomba, mdomo wazi kidogo, raba za kiume zote mbili hewani. Nikaihifadhi kwenye simu. Sijui kwa nini, labda mwizi naye hupenda kuwa na picha ya alichoiba.

Tarehe 15 Septemba 2025 ilikuwa marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia, Tokyo. Kule asubuhi, huku kwetu usiku wa manane. Baba alinigongea mlango baada ya saa 7: "Amka mwanariadha, Simbu anakimbia." Tukakaa ukumbini, dada yangu naye kajifunika shuka, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Simbu tulimjua: shaba ya London 2017, wa pili Boston Aprili ileile ya 2025. Mzee alikuwa haongei. Ndani ya uwanja Mjerumani Petros akawa mbele, na mpaka mita za mwisho kabisa alikuwa mbele, Simbu akajitupa, Petros akaanguka kwenye mstari, na wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hakuna aliyejua. Hata wao wenyewe hawakujua. Baba kasimama, mikono kichwani, anasema, "Subirini picha. Picha ndiyo itasema ni nani."

Nadhani alilisema mara tatu. Picha ndiyo itasema ni nani.

Ikasema Simbu, kwa sehemu tatu za mia moja za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano yale. Dada yangu alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, kisha jirani naye akapiga kelele. Baba akanikumbatia. Akanivuta sikio karibu, akasema, "Na wewe ni wa damu hiyo." Ndugu msomaji, hapo sikuweza. Nikatoa simu, nikafungua picha ya migomba, nikampa.

Aliitazama kwa muda mrefu. Akaikuza kwa vidole viwili akasoma namba, akasoma jina langu.

"Nani huyu?"

"Ndiye aliyekimbia. Mimi niliteguka Mombo, Ijumaa, hata kabla hatujafika."

"Na medali?"

"Ni yake. Niliiazima."

Hakufoka. Ningependa angefoka. Aliuliza jambo moja: "Wazee waliishika kwa mikono yao. Nitawaambia nini?" Kisha adhana ikalia, akaenda msikitini. Dada yangu akaondoka ukumbini bila kunitazama. Niliitoa medali ukutani mwenyewe, nikaitia kwenye mfuko uleule wa unga, nilikuwa bado ninao.

Nilimkuta anawasha moto. Nikamwambia yote, ya baba, ya ukutani, ya simu nilizokuwa sipokei. Nikamwambia nitawaandikia waandaaji barua, wabadilishe, waweke jina lake. Hapo ndipo alipokasirika, na ilikuwa mara ya kwanza.

"Usiwaandikie. Wewe unadhani watabadilisha? Watafuta. Watasema mmevunja sheria, wafute yote. Sasa hivi angalau ile saa moja na dakika arobaini na sita ipo mahali. Ina jina lako, sawa, lakini ipo. Ukishasafisha roho yako mimi nabaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Sijaandika barua. Ndiyo maana pia hujui jina lake wala langu. Jumamosi iliyofuata niliomba kikao cha klabu, nikakata mstari katika daftari mbele ya wote na kuandika jina lake. Mwenyekiti akasema yameshapita. Dereva wa bodaboda akasema hata yeye angefanya vilevile, mzee akisimama namna ile. Mweka hazina hakusema kitu, alifungua pochi, akaweka noti ya elfu tano mezani, akatutazama mmoja mmoja mpaka kila mtu akatoa ya kwake. Ilikuwa ada ya Moshi ijayo. Ilichukua dakika nne. Dakika nne tu, na mwaka uliopita hakuna aliyezitoa, mimi wa kwanza.

Baba hakuzungumza nami sana mwezi ule, zaidi ya salamu. Kijiweni alikwenda, na alichowaambia wazee sikukijua. Halafu Jumamosi moja, tumekaa kwenye benchi na jasho letu, nikamwona anakuja na kanzu yake, taratibu, hanitazami. Mama Chapati akamwambia shikamoo. Akaitikia, akaagiza chapati mbili na chai ya rangi, akakaa.

"Wewe ndiye uliyepanda Mweka?"

"Ndiyo, mzee."

"Ule mpando uliupandaje?"

Akamweleza. Kwamba aliamua asitazame juu. Kwamba alihesabu chapati, alijiambia kila hatua ishirini ni chapati moja imeiva, igeuze, weka nyingine. Kwamba katikati nyonga ilimuuma akataka kutembea, lakini akina mama wa pembeni walikuwa wanapiga vigelegele akaona aibu kutembea mbele yao. Baba akauliza mikono alikuwa anaibeba wapi, juu au chini. Akasimama kumwonyesha ya Bayi. Chai yake ilipoa kabisa. Alilipa, akaondoka, mimi hakuniambia kitu.

Usajili ulipofunguliwa nilikaa na Mama Chapati tukajaza fomu kwenye simu yangu. Jina. Jinsia. Umbali, kilomita 21. Tukafika kwenye mtu wa kuarifiwa endapo mkimbiaji atapatwa na jambo. Nikaanza kuandika namba yangu, niko karibu, niko klabuni, nitakuwepo Moshi.

"Hapana," akasema, akinawa unga mikononi. "Andika ya dada yangu, yuko Singida. Wewe hupokei simu."